Motokaa Iliyo Kabatini ni ya Nani?

Sisi tunakaa upande wa Karavia, hapa Lubumbashi, si mbali na ziwa na ile hoteli kubwa yenye jina hilo hilo. Sebuleni mwetu mna kabati dogo la vioo. Mgeni akitazamia kuona humo vikombe na sahani, atashangaa, maana mna motokaa 31. Iliyo ndefu kuliko zote yapita shubiri moja kidogo. Iliyo fupi yaweza kulala ndani ya kiberiti. Nyingine ni motokaa za mashindano ya mbio, zimeinama chini kama paka aviziaye panya; nyingine ni malori ya kubebea mawe, magogo na mafuta. Zote ni za madini yaliyomiminwa katika kalibu, na kila moja ni mfano wa motokaa ya kweli iliyopata kutembea barabarani.

Tumezikusanya kwa muda wa miaka ishirini. Nyingine tulizipata katika soko la Kenya (twasema mtaa wetu wa Kenya, si nchi ile), ndani ya makatoni ya vitu vikuukuu vitokavyo Ulaya. Nyingine tuliletewa na ndugu waliokaa Ubelgiji. Na mbili tatu tulizinunua kwa fedha ambayo kiasi chake hatukumwambia mtu.

Siku moja ya likizo kubwa jirani yetu alimtuma mtoto wake, mvulana wa miaka kenda, atuletee ufunguo. Mtoto akasimama mbele ya kabati, mikono nyuma, kama afanyavyo mtoto aliyefundishwa adabu. Akauliza, "Nkambo, zinatembea?"

Tukamjibu, "Hazitembei."

"Zinafanya nini basi?"

"Zinakaa."

Akatazama tena kwa muda mrefu. "Ni za nani?"

"Ni zetu."

Hapo akasahau adabu kidogo, akapeleka kidole kwenye kioo. Nasi tukapaza sauti, "Usiguse!" Sauti ile ilikuwa kubwa kuliko jambo lenyewe. Mtoto akaurudisha mkono kama mtu aliyeungua, akaweka ufunguo mezani, akaaga vizuri, akaenda zake. Kabla ya siku ile alikuwa akija kwetu kila asubuhi kuchota maji kisimani. Tangu siku ile maji alikuja kuchota dada yake.

Jambo hili ni dogo, tena la nyumbani, lakini limetukaa moyoni. Maana tulipoulizwa ni za nani, tulijibu upesi. Tulipoulizwa zinafanya nini, hatukuwa na jibu. Basi tumejiuliza, na leo twataka kuuliza pamoja na wasomaji wetu: kuwa na kitu, maana yake nini hasa? Je, kitu ni cha yule aliyekinunua na kukifungia, au ni cha yule anayekijua na kukitumia?

JE, NI UTOTO TU?

Labda msomaji mmoja ataanza kwa kucheka. Atasema, "Mtu mwenye mvi anunua vitu vya kuchezea! Hilo halihitaji fikira, linahitaji aibu." Tumelisikia neno hilo mara nyingi, hata kwa ndugu zetu wenyewe. Lakini tusiharakishe kuhukumu.

Tangu zamani mtu hufanya kidogo kile kilicho kikubwa, apate kukiona chote pamoja. Mwalimu huweka mezani tufe la dunia, maana hakuna mwanafunzi awezaye kuiona dunia yenyewe kwa mara moja. Mjenzi hutengeneza nyumba ya karatasi kabla ya kuchimba msingi. Vivyo hivyo na motokaa. Iko motokaa moja ya Italia, Ferrari 250 GTO, ambayo zilitengenezwa 36 tu, kati ya mwaka 1962 na 1964. Mwaka 2018 moja iliuzwa huko Marekani kwa dola zaidi ya milioni 48. Hatutaiona maishani mwetu. Lakini mfano wake, uliopunguzwa mara 43, una urefu wa sentimeta kumi hivi, na mtu akiuweka kiganjani aweza kuona jinsi pua yake ilivyochongwa kwa ajili ya upepo, na jinsi mkia wake ulivyokatwa ghafula. Kiganja kinafundisha jicho.

Tena vitu hivi vina historia yake, nayo si ya kudharauliwa. Bwana Frank Hornby wa Liverpool, Uingereza, alikuwa akitengeneza treni za kuchezea. Akaona kwamba stesheni zake ndogo hazina watu wala motokaa, akaanza kuzitengeneza. Mwaka 1934 zikapewa jina la Dinky Toys. Ndiyo maana hata leo wakusanyaji wengi hutumia kipimo kile cha moja kwa 43: kilitoka kwenye reli za watoto.

Hadithi ya Matchbox yatupendeza zaidi. Bwana Jack Odell alikuwa fundi wa kampuni ya Lesney huko London. Shuleni kwa binti yake watoto waliruhusiwa kuleta kitu cha kuchezea ikiwa tu chaweza kuingia ndani ya kiberiti. Basi baba akamfanyia binti yake mtambo mdogo sana wa kushindilia barabara, kwa shaba ya njano. Wenzake wakauona, wakautamani, na mwaka 1953 kampuni ikaanza kuuza vigari vya namna hiyo. Mwaka huo huo Lesney waliuza zaidi ya milioni moja ya mifano midogo ya gari la farasi la kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Na mwaka huo huo, kwa kusherehekea kutawazwa huko, yalianzishwa mashindano ya motokaa yaliyozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yalijulikana kwa jina la Safari Rally. Shekhar Mehta alishinda mwaka 1973 akiendesha Datsun 240Z, na mfano wa motokaa hiyo umo katika makabati ya wakusanyaji wengi. Mafundi wengine huipaka hata tope la rangi, ili ifanane na ile iliyopita matopeni. Mtoto ambaye baba yake alikuwa hajazaliwa mwaka ule aweza kuishika historia hiyo mkononi.

Basi hatuwezi kusema kwamba kukusanya ni upuuzi. Mfano mdogo ni kumbukumbu, na ni mwalimu. Dereva mmoja mzee, aliyepeleka malori Kolwezi miaka mingi, alipoliona lori mojawapo katika kabati letu alikaa kimya, kisha akatusimulia saa nzima juu ya mvua, madaraja na wenzake waliokufa. Lori lile la madini lilifungua kinywa chake kuliko maswali yetu yote.

HAMU ISIYO NA MWISHO

Lakini kitu kizuri kina kivuli chake. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo nasi tuliweka daftari. Mwanzoni tuliandika tulivyo navyo: jina, mwaka, rangi, mahali tulipokipata. Ilikuwa kazi ya furaha. Baada ya muda tukaanza ukurasa mwingine, wa vile ambavyo hatuna. Msomaji, utazame ukurasa huo wa pili, maana huko ndiko hatari ilikoingilia. Baada ya miaka michache ulikuwa mrefu kuliko ule wa kwanza, nasi tukawa twaufungua kwanza.

Kampuni zenyewe zaijua hamu hiyo. Motokaa za Matchbox zilipangwa kwa namba, moja hadi 75. Mtu husema, "Nikipata 75 nimemaliza." Lakini motokaa moja ilipozeeka, kampuni iliiondoa na kuweka nyingine mpya kwa namba ile ile. Namba zilibaki 75, motokaa zikawa mamia. Aliyefika mwisho alikuta mwisho umehama. Hatusemi kwamba kampuni ilifanya dhambi. Ilitafuta biashara yake kama wafanyavyo wauza vitu wote. Twasema tu kwamba hamu ya mtu ndivyo ilivyo: huahidi kupumzika ikipata kimoja zaidi, kisha hubadili namba.

Tukiri na jambo hili, ingawa latuumiza. Mwaka mmoja tulikuwa tumeahidi kulipa ada ya shule ya mpwa wetu, ile ambayo hapa kwetu huitwa minervali. Fedha ilikuwa tayari. Katika juma lile lile mtu mmoja akatuletea lori jekundu la mafuta ambalo tulikuwa tumelitafuta miaka sita. Tukalinunua. Minervali tukailipa baada ya majuma mawili. Mtoto hakupoteza mwaka, na mama yake hakutuuliza neno. Lakini kwa majuma mawili yeye aliamka kila asubuhi akiogopa kurudishwa nyumbani mbele ya wenzake, nasi kwa majuma hayo hayo tuliamka kila asubuhi tukilitazama lori jekundu. Kama mtu angetuuliza siku zile kama twampenda mpwa wetu kuliko lori, tungekasirika. Na bado matendo yetu yalikuwa yamejibu.

Basi ubaya hauko katika udogo wa kitu, wala katika utoto wake. Mtu aweza kupotea kwa motokaa ya sentimeta saba kama vile mwingine apoteavyo kwa shamba la hekta mia.

SANDUKU LISILOFUNGULIWA

Kuna jambo la ajabu katika biashara ya vitu hivi. Motokaa iliyochezewa, yenye rangi iliyobanduka na tairi lililopotea, ni ya bei ndogo. Ile ile moja, ikiwa haijaguswa, tena ingali ndani ya sanduku lake la karatasi, yaweza kuuzwa kwa bei iliyo mara nyingi zaidi. Wakati mwingine sanduku tupu lenyewe huuzwa ghali kuliko motokaa iliyo uchi.

Tufikiri kidogo. Kitu hiki kilitengenezwa ili mtoto akisukume sakafuni, akifanyie sauti ya injini kwa mdomo, akigonge ukutani. Hiyo ndiyo kazi yake, kama vile kazi ya jembe ni kulima. Soko lasema: ile ambayo haikufanya kazi yake hata siku moja ndiyo bora. Kwa maneno mengine, tunalipa fedha kwa sababu mtoto fulani, mahali fulani, hakucheza. Labda alikatazwa. Labda mzazi alinunua akafungia, akitazamia faida. Kila sanduku lisilofunguliwa lina ndani yake alasiri moja ya mtoto ambayo haikuwako.

Mtu atajibu, "Lakini kama watoto wote wangecheza nazo, zisingebaki hata moja za kutuonyesha mambo ya zamani." Jibu hilo lina nguvu, nasi hatulipuuzi. Jumba la makumbusho nalo hufunga vitu kwa vioo, na hakuna anayelilaumu. Lakini kuna kufunga kwa namna mbili. Jumba la makumbusho hufunga ili liweze kuonyesha: milango yake ipo kwa ajili ya wageni. Bahili hufunga ili asionyeshe, au aonyeshe tu apate kusifiwa. Vioo ni vile vile; nia ni mbalimbali. Tulipomwambia mtoto yule "Usiguse!", tulidhani sisi ni jumba la makumbusho. Sauti yetu ilionyesha vingine.

UGONJWA WA ZINKI

Tena, je, kufungia kwahifadhi kweli? Hapa madini yenyewe yana somo, na sisi watu wa Katanga, tuliozaliwa juu ya madini, twaweza kulielewa upesi.

Motokaa hizi hufanywa kwa mchanganyiko uitwao Zamak. Jina hilo limetoka katika herufi za mwanzo za majina ya Kijerumani ya zinki, alumini, magnesi na shaba. Katika sehemu mia, karibu nne ni alumini. Zinki ndiyo iliyo nyingi kupita yote. Mchanganyiko huu huyeyuka kwenye nyuzi karibu 390 tu za Selsiasi, chini sana kuliko shaba, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 1,080. Kwa hiyo huweza kusukumwa upesi ndani ya kalibu ya chuma cha pua au feleji, na huko hushika hata alama ndogo kabisa: kitasa cha mlango, mstari wa boneti, matundu ya taa.

Lakini zinki hiyo yapaswa kuwa safi sana. Zamani, hasa kabla ya vita ya 1939 hadi 1945, viwandani mabaki ya risasi yaliweza kuanguka ndani ya chungu cha kuyeyushia. Kiasi kilikuwa kidogo mno, hakuna jicho liwezalo kukiona. Motokaa ikatoka nzuri, ikapakwa rangi, ikauzwa, ikawekwa kabatini. Baada ya miaka mingi ikaanza kuvimba. Nyufa zikatokea, milango ikapinda, magurudumu yakavunjika, na mwisho ikawa vipande na unga. Wakusanyaji huiita tauni ya zinki. Haina dawa. Unyevu na joto huiharakisha, lakini chanzo chake ki ndani, tangu siku ya kumiminwa. Kufuli haiizuii. Ile iliyochezewa miaka miwili na mtoto hata ikaisha, na ile iliyofungiwa miaka themanini hata ikapasuka yenyewe, zote mbili zimekwisha. Tofauti ni kwamba ya kwanza ilimfurahisha mtu.

Na zinki yatoka wapi? Kilometa kama thelathini kutoka hapa kuna Kipushi, karibu na mpaka wa Zambia. Wachimbaji walishuka katika machimbo yale tangu miaka ya 1920, wakatoa shaba na zinki, hata mwaka 1993 kazi iliposimama. Mwaka 2024 machimbo yalianza tena kutoa zinki. Zinki ikishayeyushwa haina kabila wala cheti cha kuzaliwa. Kipande cha mlima mmoja huchanganyika na kipande cha mlima mwingine. Lakini kila zinki ilichimbwa na mtu fulani, gizani, chini ya ardhi. Tukilishika lori dogo lenye rangi nzuri, twashika pia jasho la mtu huyo. Nasi tulimzuia mtoto wa nchi ya zinki asiguse zinki.

LORI LA WAYA

Katika juma la mwisho la likizo tulimkuta mvulana yule njiani, karibu na ziwa. Alikuwa akisukuma lori la waya. Wasomaji wetu wa Katanga na wa Zambia wayajua malori hayo vizuri. Mtoto hukusanya waya popote aupatapo, hukunja chasisi, kabati la dereva na karoseri. Magurudumu hukatwa katika kandambili zilizochakaa au hufanywa kwa vizibo vya chupa na makopo ya rangi ya viatu. Na waya mrefu hutoka kwenye magurudumu ya mbele hata mkononi mwa mtoto, ukiwa na usukani wa mviringo juu yake. Mtoto hukimbia nyuma ya lori lake, huku akiligeuza kulia na kushoto.

Tukamsalimu, akaitikia kwa heshima, lakini hakusogea karibu. Tukachuchumaa, tukalitazama lori lake. Lilikuwa na ekseli sita: tatu za kichwa na tatu za tela. Tukamwuliza kwa nini sita. Akajibu kwamba alikaa kando ya barabara ya Kasumbalesa siku mbili, akihesabu magurudumu ya malori yaendayo mpakani na shaba. "Mengine yana tano," akasema, "lakini haya ya sita ndiyo mazuri." Kisha, kwa kuona kwamba hatukasiriki, akaongeza: "Nkambo, lile lori lenu jekundu, usukani wake haugeuki. Niliuona. Umeshikwa."

Ilikuwa kweli. Miaka mingi tumekuwa na lori lile, tukajua mwaka wake na namba yake, tukajua limetengenezwa wapi na limepakwa rangi ngapi, wala hatukupata kufikiri kwamba usukani wake haugeuzi kitu. Mtoto alilitazama kwa dakika tano nyuma ya kioo, akalijua. Fundi wa Ulaya alifuata sura ya lori, akaipata barabara. Mtoto huyu alifuata mwendo wake. Usukani ndio jambo alilolitafuta kwanza, maana bila usukani lori lake si lori. Sura na mwendo, vyote viwili ni ukweli, wala kimoja hakitoshi bila kingine. Lakini ni nani kati yetu aliyekuwa na lori zaidi?

Tukamwuliza kama alivyotuuliza sisi: "Lori hili ni la nani?"

Akajibu, "Ni letu." Akatutajia wenzake watatu: mmoja alileta waya, mmoja alikata magurudumu, mmoja alijua kufunga usukani. Kila mmoja alikuwa na zamu yake ya kulisukuma.

Hapo ndipo tulipopata aibu ya kweli. Sisi pia tulikuwa tumesema "ni zetu". Lakini neno letu lilikuwa na watu wangapi ndani yake? Lilikuwa na mtu mmoja mwenye ufunguo. Tulisema "zetu" kwa mazoea ya kusema, na maana yake ilikuwa "zangu". Yeye alisema "letu", na ndani ya neno lake walikaa watoto wanne.

TUFANYEJE BASI?

Hatutaki kumaliza kwa kuwaambia wakusanyaji wauze makabati yao, au wavunje vioo. Sisi wenyewe hatukufanya hivyo. Upendo wa vitu vilivyotengenezwa vizuri ni upendo halali, na mtu anayetunza kwa uangalifu kazi ya fundi amwheshimu fundi. Lakini twaona mambo matatu yanayofaa kushikwa, si kwa motokaa ndogo tu, bali kwa kila kitu ambacho mtu hukiita chake.

Kwanza, kinunuliwe kwa kilichobaki, kisinunuliwe kwa cha mwingine. Fedha ya minervali, ya dawa, ya deni, hiyo si yetu hata kama imo mfukoni mwetu. Mtu asijidanganye kwamba majuma mawili si kitu. Majuma mawili ya mtoto ni marefu kuliko ya mzee.

Pili, tukijue. Kukijua si kujua bei yake na namba yake tu. Tujiulize: chafanya kazi namna gani? Kimetengenezwa na nani, kwa kitu gani, kilichochimbwa wapi? Kitu tusichokijua twakilinda tu, kama askari wa zamu alindaye ghala asilojua lina nini.

Tatu, kiwe na mlango. Ziwepo siku na saa ambapo mwingine aweza kukitazama, kukishika, na kuuliza. Mwenye kitu ahesabu tangu mwanzo kwamba kitapata hasara kidogo kwa kushikwa, na aipokee hasara hiyo kama sehemu ya bei. Asiyeweza kuivumilia hata kidogo, kitu hicho ndicho kinachommiliki.

Sisi tumeanza hivi. Jumamosi mchana kabati hufunguliwa, na watoto wa majirani huja, kwanza wakinawa mikono kisimani. Tukisema kweli, yako maumivu. Motokaa moja ya mbio imepoteza gurudumu. Nyingine haikuonekana tena tangu Jumamosi ya tatu, nasi tumeamua kutoulizia. Lori jekundu lilianguka, ekseli ikapinda. Mvulana yule aliinyosha, akaitia waya mdogo wa shaba mahali palipolegea. Sokoni lori hilo sasa halina bei. Tumeliandika upya daftarini, pamoja na kazi ya fundi wake wa pili. Ukurasa wa vitu tusivyo navyo tumeuacha kama ulivyo; hatujaufungua tangu likizo ile kwisha.

Motokaa sasa ni 30, pamoja na lori moja la waya tulilokopeshwa na wenyewe wanne kwa sharti kwamba Jumamosi lirudi barabarani. Na maji ya kisima, mtoto mwenyewe huja kuyachota.